Msiufunge Mshono wa Kwanza

Mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, mafundi wenzangu: shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine wote habari za asubuhi. Wanangu mnaohitimu leo, hongereni sana.

Nimeombwa niseme neno kwa vijana wanaoingia kazini. Kwa desturi neno la namna hii huwa ni nasaha: usimdanganye mteja siku ya kuchukua nguo, lipa deni la uzi kwa wakati, usikate kitambaa cha mtu kabla hujapima mara mbili. Hayo mmeshaambiwa na walimu wenu. Mimi nimekuja na vitambaa. Nataka nitumie muda wangu wote kuwaeleza jinsi ya kushona mraba mmoja wa viraka, inchi 8 kwa 8, na hasa mshono mmoja uliomo ndani yake. Mshono huo ndio unaoanza kabla ya mingine yote, na ndio unaomalizwa baada ya mingine yote. Naupenda mno, na nina hakika kila mmoja wenu anaweza kuujua kabla jua halijazama leo.

Piteni kwenye kibanda cha fundi wa vitenge siku ya Ijumaa, nguo za harusi ya Jumamosi zinapomaliziwa. Tazameni chini ya meza ya kukatia. Kuna mabaki ya kwapani, ya shingoni, ya pembeni mwa sketi. Yale makubwa hugeuzwa vitambaa vya kichwa au vipochi. Madogo hufagiliwa, yakajazwa kwenye mito au yakachomwa moto. Sasa kipande cha upana wa inchi 2½ na urefu wa inchi 6½ kiko katika hayo yanayofagiliwa. Mraba wangu unataka vipande vinne vya kipimo hicho, pamoja na kimoja cha inchi 4½ kwa 4½. Basi, hakuna kingine.

Kile cha inchi 4½ kinakaa katikati, nami nitakiita mji, kama mji wa kanga. Vile vinne vinakaa pembeni mwake, kimoja kila upande, na vyote vinalingana. Kila kipande kinaanzia sawasawa na kona moja ya mji, kinaipita kona ya pili, kinaendelea hadi ukingo wa mraba, na huko kinaziba kichwa cha mwenzake. Cha juu kinaziba kichwa cha cha kushoto, cha kushoto kinaziba cha chini, cha chini kinaziba cha kulia, na cha kulia kinarudi kuziba cha juu. Vinafukuzana kuuzunguka mji, wala hakuna ulipo mwanzo au mwisho. Marekani, ambako ushonaji wa viraka una historia ndefu, mraba huu unajulikana kwa jina la Bright Hopes.

Fundi asiyeujua ataniuliza: kwa nini nisikate viwili vifupi na viwili virefu? Vifupi juu na chini, virefu kushoto na kulia, mishono minne iliyonyooka, kazi imekwisha. Sawa, hiyo ni fremu, na fremu haina ubaya. Ila haizunguki. Jicho likiifikia linasimama. Weka fremu mia moja kitandani utapata mistari iliyotulia. Weka hii mia moja, kitanda kizima kinatembea.

Tatizo linakuja ukijaribu kuishona kwa mazoea yetu. Tumefundishwa kwamba mshono ukianzwa unamalizwa. Haya, shona cha juu, mshono mzima. Shona cha kulia, kikazibe kichwa cha cha juu. Shona cha chini. Mpaka hapo mambo ni laini. Unafika cha nne, cha kushoto, unakuta kichwa chake kinatakiwa kiingie chini ya mkia wa kile cha kwanza, na ule mkia umeshafungwa kwenye kona ya mji. Huna tena mstari ulionyooka. Umebaki na kona ya ndani: shona upande mmoja, simamisha sindano ndani ya kitambaa, nyanyua mguu wa cherehani, chanja kona kwa mkasi, geuza, shona upande wa pili. Mnaijua kazi hiyo, mmeifanya kwenye shingo ya pembe nne. Kuifanya mara moja kwenye gauni si neno. Kuifanya mara 110 kwenye mfarishi mmoja wa kitanda, yaani tandiko nene la miraba iliyounganishwa, ni kujitesa, na kona nyingi zitatoka na mkunjo.

Nani hapa hajawahi kufunga boksi bila gundi? Unalaza ulimi wa kwanza, wa pili juu yake, wa tatu juu ya wa pili, na wa nne unaulaza juu ya wa tatu huku ukiupenyeza chini ya ule wa kwanza. Wa kwanza lazima uwe bado unanyanyuka. Ungekuwa umeshaubandika, boksi lisingefungika. Mraba wetu ni vivyo hivyo. Mshono wa kwanza unashonwa nusu, mkia wa kipande unaachwa huru, na unarudiwa kumaliziwa wenzake wote wakishakaa. Mimi nauita mshono nusu.

Kabla ya kushona kuna maandalizi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukimbilia wakaharibu. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani. Kinakuwa kigumu na kizuri mkononi, lakini kikifuliwa kinalainika, kinaweza kuruka, yaani kupungua kidogo, na rangi nyekundu au ya bluu iliyokolea inaweza kutoka. Loweka mabaki yote, fua, anika, piga pasi, ndipo ukate. Chagua pamba kwa pamba. Usiingize kipande cha jezi kinachovutika, wala bitana ya polista ambayo itasinyaa pasi ikiwa ya moto. Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari kitavutika mkononi mwako na hakitakubali tena kulingana na wenzake. Tengeneza vielelezo viwili vya kukatia kwa plastiki ngumu, kimoja cha mji na kimoja cha pembeni. Boksi la karatasi nalo linafaa kwa kuanzia, lakini ukingo wake unalika na chaki na mkasi, na vipande vya mwisho havitafanana na vya mwanzo.

Nafasi ya mshono ni robo inchi. Najua kwenye nguo tunaacha nusu inchi, na ubavuni hata inchi nzima, ili mteja akinenepa tumfungulie. Kwenye viraka vipande ni vidogo na mishono ni mingi, kwa hiyo nusu inchi itajaza matuta nyuma. Pimeni robo inchi kutoka kwenye sindano kwenda kulia, mbandike kipande cha plasta juu ya bati la cherehani, na ukingo wa kitambaa uteleze ukigusa plasta hiyo mwanzo hadi mwisho. Msiamini macho. Mwenye cherehani ya mguu na mwenye ya umeme wote wafanye hivyo.

Sasa tushone. Weka mji mezani, uso juu. Chukua kipande cha kwanza, kilaze juu ya mji uso kwa uso, ukingo wake mrefu kwenye ukingo wa juu wa mji. Kichwa chake cha kulia kilingane barabara na kona ya kulia ya mji. Upande wa kushoto kitaning'inia inchi 2 nje ya mji, na ndivyo kinavyotakiwa. Anza kushona pale kwenye kona ya kulia, ile iliyolingana, ukielekea kushoto. Ukifika karibu na katikati ya mji, simama. Rudisha sindano nyuma hatua mbili tatu ili mshono usifumuke tutakapokuwa tunauhangaisha, kisha kata uzi.

Mkono utakusukuma uendelee. Nawaambia kwa sababu nimewaona wengi: fundi aliyezoea kazi ya haraka anapofika katikati mguu unaendelea kukanyaga wenyewe, na mshono unafungwa kabla kichwa hakijakumbuka. Kwa hiyo wekeni alama ya chaki, au pini iliyolala kukata njia, pale pa kusimama.

Fungua kipande kielekee juu, upige pasi ile sehemu iliyoshonwa peke yake. Mkia usiuguse. Ukiukandamizia mkunjo sasa hivi, utapigana nao baadaye. Wenye pasi ya mkaa wapulize majivu nje kabla ya kuisogeza mezani, maana cheche moja kwenye kitenge cheupe haina dawa. Pasi inyanyuliwe na kushushwa, isiburutwe. Kuburuta kunavuta ukingo.

Geuza kazi ili upande wa kulia uje mbele yako. Hapa kuna mstari mmoja ulionyooka unaoundwa na ukingo wa mji na kichwa cha kipande cha kwanza. Hesabu yake: 4½ kuongeza 2½ ni 7, toa nusu inchi iliyoliwa na mshono, robo kila kipande, inabaki 6½. Na kipande cha pili kina urefu wa 6½. Vinatakiwa kuoana kichwa kwa kichwa.

Hapo simameni, mtazame. Kipande cha pili ndicho shahidi wenu. Mshono ukiwa mnene kwa 1/16 ya inchi tu, unene wa mstari wa chaki, ukingo utakuwa umepungua 1/8, na kipande cha pili kitachomoza. Mshono ukiwa mwembamba, kitapelea. Kitakachowajia haraka ni kuchukua mkasi na kupunguza kilichochomoza. Msifanye hivyo! Mkipunguza, mraba huu utakuwa mdogo kuliko wenzake, nao utauvuta mstari mzima wa mfarishi. Fumua ule mshono nusu. Ni inchi mbili tu, ni dakika moja. Sogeza plasta, shona tena. Hii ndiyo sababu mimi huwafundisha wanaoanza kwa mraba huu badala ya miraba mingine inayoonekana rahisi. Wenyewe unakwambia umekosea, tena mapema, wakati kurekebisha bado ni kitu kidogo.

Kipande cha pili kishonwe mshono mzima, pasi ielekee nje. Cha tatu ni vilevile: mstari ni ukingo wa chini wa mji pamoja na kichwa cha cha pili, inchi 6½.

Cha nne kinataka uangalifu. Ule mkia wa cha kwanza unaning'inia pale pale unapotaka kupita. Ukunje kuelekea kulia, juu ya uso wa kazi, ubane kwa pini mbali na njia ya sindano. Laza kipande cha nne kwenye ukingo wa kushoto wa mji na kichwa cha cha tatu, ushone mpaka mwisho. Kabla ya kukata uzi geuza uangalie nyuma kama mkia haukunaswa. Piga pasi kuelekea nje.

Sasa toa pini, ushushe mkia. Angalieni unavyolala: unafunika nusu iliyobaki ya ukingo wa mji, unafunika na kichwa cha kipande cha nne, na unaishia sawasawa na ukingo wa mraba. Kona ya ndani haipo. Ule mtego wote umegeuka mstari mmoja ulionyooka. Anza kushona nusu inchi nyuma ya pale uliposimama, upite juu ya mshono wa zamani, uendelee mpaka nje. Piga pasi. Mraba umefunga, una inchi 8½ kila upande, na ukiunganishwa na wenzake utabaki na 8.

Mtu asiyejua ataugeuza huku na huku akitafuta mshono ulianzia wapi, asiuone.

Kuna faida nyingine ambayo huonekana miraba inapoanza kuunganishwa. Ikiwa yote imezungushwa upande mmoja, mishono ya mraba huu haikutani na mishono ya jirani yake. Mmoja una mshono inchi 2 kutoka chini, jirani ana wake inchi 2 kutoka juu. Hakuna ncha za kuoanisha isipokuwa zile kona kuu ambapo miraba minne inakutana. Kwa anayeanza hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mkikaa wawili mnashona mfarishi mmoja, mmoja akazungusha kulia na mwingine kushoto, mtajikuta na ncha za kuoanisha kila mahali. Kubalianeni mapema, na mraba wa kwanza ubandikwe ukutani uwe mfano.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu. Vipande vinne vikiwa vya kitambaa kimoja, mzunguko unapotea. Macho yanaona fremu, na kazi yote ya mshono nusu imekwenda bure. Tumia angalau vitambaa viwili, kimoja chepesi na kimoja kilichokolea, vikipishana. Mji uwe wa rangi moja isiyo na maua, kwa sababu maua makubwa ya kitenge yakikatwakatwa pembeni yanahitaji mahali pa kupumzikia.

Miraba 20, minne kwa mitano, inatoa mfarishi wa mtoto wa inchi 32 kwa 40. Kitanda cha futi tano kwa sita kitataka miraba 110, kumi kwa kumi na moja, ili mfarishi ushuke vizuri pembeni. Hivyo ni vipande 440 vya pembeni na miji 110. Msiogope namba hiyo. Mabaki yanakuja kidogo kidogo, na miraba inashonwa kidogo kidogo, kati ya mteja na mteja. Chini ya viraka wekeni blanketi kuukuu lililofuliwa, chini yake kitambaa kizima, kisha pitisheni mishono ya kushikilia tabaka zote tatu. Anayekaa Lushoto, Njombe au Makete anajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai inamaanisha nini kwa mtoto anayelala.

Niwaambie pia kwamba hamko peke yenu katika kazi hii. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao wakipelekwa Goa na Wareno kama watumwa. Wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi, kwa mkono, kutoka kwenye nguo zilizochakaa. Wanaanzia pembeni, wanazunguka wakielekea katikati, viraka vikishonewa moja kwa moja juu ya kitambaa cha chini. Sisi kwenye mraba wetu tunatoka katikati kwenda nje. Wao wanatoka nje kwenda katikati. Wakimaliza wanaweka viraka vidogo kwenye kona nne, wanaviita maua kwa lugha yao, na bila hayo mfarishi kwao haujakamilika. Nikitazama picha za kazi zao, jinsi rangi zilivyopangwa bila hofu, najisikia niko nyumbani.

La mwisho ni bei, na hili linaniuma. Mteja atakuja, atashika mfarishi, atasema: "Fundi, si vipande tu hivi?" Na fundi kijana, kwa kuwa kitambaa hakukinunua, atajisikia vibaya kutaja bei ya maana. Atauuza mfarishi wa siku nyingi kwa bei ya gauni moja. Wanangu, msiuze hivyo. Kitambaa kilikuwa cha bure. Mikono yenu haikuwa ya bure. Andikeni saa mlizokaa kwenye cherehani, uzi, umeme au mkaa, mpige hesabu, mtaje bei mkimtazama mteja usoni. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi, wazao wa waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya pamba ya hapohapo, walishona viraka vya nguo za shambani zilizochakaa ili watoto wao wasife baridi. Mtindo wao mmoja mashuhuri ni wa vipande vinavyozunguka kiraka cha katikati, ndugu wa karibu wa mraba wetu. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye majumba ya makumbusho, kwanza Houston kisha New York, na mwaka 2006 Marekani ikaichapa kwenye stempu za posta. Hakuna aliyesimama mbele yake akasema ni vipande tu.

Ila mteja wetu hajafika huko makumbusho, na mfarishi ukishawekwa kitambaa cha chini hawezi kuona kazi iliyomo ndani. Kwa hiyo shoneni mraba mmoja wa ziada, msiuwekee kitu nyuma, muutundike kibandani karibu na futi kamba. Akiuliza bei, mpeni aushike. Augeuze. Aone mishono ilivyolala kuelekea nje pande zote nne, atafute ule mshono wa kwanza ulianza wapi. Mwacheni atafute kwa muda wake, ndipo mtaje bei.

Meza zile pale pembeni zina vipande vilivyokwisha katwa na cherehani ziko tayari. Asanteni kwa kunisikiliza.